Chombo Kinadaiwa

Askari alichomoa ufunguo kwanza, salamu ikafuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ufunguo wangu umekukosea nini?"

Hakucheka. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, Barabara ya Kilwa, karibu na Mbagala. Mgongoni nilikuwa na mkoba wa madaftari ya kidato cha pili, na nyuma kwenye keria nilikuwa nimefunga kilo tano za mchele kwa mpira. Kofia kichwani, leseni kwenye pochi, bima haijaisha. Nilisimama kwa amani ya mtu aliyejikagua kabla ya kutoka nyumbani. Yule kijana akatoa mashine yake, akaingiza namba ya pikipiki, akatazama kioo, akanitazama mimi, akarudi kwenye kioo.

"Chombo kinadaiwa, mama. Makosa sita. Jumla laki moja."

Laki moja kamili, haina mia ya kuzidi wala ya kupungua, kama mchango wa harusi.

Anayeendesha Dar anajua kinachofuata hapo. Unalipa papo hapo kwa simu, au chombo kinakwenda kulala kituoni. Njia ya tatu tunaijua sote na sina haja ya kuiandika. Kijana huyu hakuigusa hata kwa jicho, nampa haki yake. Nilimwomba anisomee makosa. Akasoma mawili, la kwanza nikalikumbuka vizuri kabisa, nikalilipa pale pale: Sh12,500. Kwa yaliyobaki nikamwambia siwezi kulipa nisichokijua.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Mwalimu."

"Shule gani?"

Nikamtajia. Kumbe mdogo wake anasoma pale. Akanirudishia ufunguo, akaniambia nimalize suala hilo ndani ya wiki. Niliondoka nikiwa nimeshukuru na nimeona aibu kwa pamoja, maana ningekuwa muuza mchicha wa Charambe, pikipiki ingelala.

Usiku ule nilifungua tovuti ya kuangalia madeni ya barabarani. Unaweka namba ya chombo, orodha inashuka: kumbukumbu, tarehe, mahali, kosa, faini, nyongeza. Nikachukua daftari, nikachora jedwali. Ualimu ni ugonjwa.

Kwa msomaji asiyeendesha, nieleze hesabu zinavyokwenda. Zamani faini ya kosa moja ilikuwa Sh30,000, uwe na basi la abiria sitini au pikipiki ya kupelekea mandazi. Bajeti ya mwaka 2021 ndiyo iliyoshusha ya pikipiki na bajaji hadi Sh10,000 kwa kosa; magari yakabaki palepale. Ukiandikiwa una siku saba za kulipa. Zikipita, inapanda robo. Elfu kumi inakuwa kumi na mbili na mia tano.

Basi daftari langu lilisomeka hivi, ukiacha lile nililokwisha kulipa, la abiria asiyevaa kofia. Kupita taa nyekundu, makutano ya Kilwa na Mandela. Kubeba abiria zaidi ya mmoja, Mbagala. Kubeba abiria zaidi ya mmoja, Mbagala, tena. Taa ya nyuma haiwaki, Kongowe. Mwendo kasi, Mikese.

Mikese! Mikese iko mkoani Morogoro, ukishapita Chalinze. Pikipiki yangu haijawahi kuvuka hata Kibaha. Mimi mwenyewe mara ya mwisho kupita Mikese nilikuwa ndani ya basi, nimelala, mdomo wazi.

Damu ikanipanda. Nikaanza kuandika barua usiku huohuo, yenye maneno kama "kubambikiwa" na "haki za raia". Nilifika ukurasa wa pili, nikasimama, nikasema ngoja. Mwanafunzi anayekuja ofisini kwangu kulalamika kwamba maswali yote sita yamesahihishwa vibaya, huwa simsikilizi. Anayekuja na kusema "mwalimu, haya manne nimekosa kweli, ila angalia hili na hili," huyo namvutia kiti. Nikachana barua. Nikaamua kwanza nijue yapi ni yangu.

La kofia nilikuwa nimeshalilipa, lakini nalo nilieleze. Nilimbeba mwalimu mwenzangu kutoka shule hadi kituo cha daladala. Kofia ya pili ilikuwepo, imening'inia kwenye usukani. Alikuwa ametoka kusuka siku ileile, akaniambia, "Dada, kichwa hiki kimenigharimu elfu thelathini na saa sita za kukaa, hiyo kofia yako siivai." Wanaume wanaoandika kuhusu usalama barabarani hawaligusi jambo hili. Kofia ya abiria, ambayo vijana wa kijiweni wanaiita elementi, inapita vichwa ishirini kwa siku, ina jasho la Mtongani na mafuta ya nazi ya Zakhem. Mwanamke mwenye mtandio au nywele mpya ataikwepa kwa kila namna, na dereva atamwonea haya kumlazimisha. Nilimwonea haya. Sheria inataka wote wawili tuvae, na mimi ndiye niliyeshika usukani. Langu.

La taa lilinisumbua zaidi, kwa sababu pale makutano ya Kilwa na Mandela huwa kuna mabwana wawili, taa na askari. Asubuhi foleni ikizidi, askari anasimama katikati na kuongoza kwa mikono. Taa inaweza kuwa nyekundu kama damu ya mzee na askari anakupungia upite. Hapo unamfuata askari, ishara yake inashinda taa. Siku ile alikuwa anatupitisha. Malori, daladala, bodaboda, mimi mkiani. Nilipofika upande wa pili, askari mwingine akanisimamisha: umepita na nyekundu. Nikamwambia mwenzako ameniruhusu. Akasema mwenzangu ameshashusha mkono. Akaniandikia.

Kwa miezi yote ile nilisimulia kisa hiki kwenye ofisi ya walimu kama mfano wa uonevu, na kila mara niliposimulia, mkono wa yule askari ulikuwa juu zaidi. Usiku wa daftari, nikiwa peke yangu, nililazimika kukiri kwamba niliuona ukishuka. Niliuona, nikaongeza mafuta. Sina shahidi wa kunipinga wala wa kunitetea, na huenda mahakamani ningeweza kuleta mashaka. Lakini mbele ya daftari langu mwenyewe nilishindwa kuweka alama ya vema. Langu, kwa shingo upande.

Yale mawili ya Mbagala yalikuwa na mwenyewe. Jioni nikishatoka kazini, mtoto wa kaka yangu huchukua pikipiki na kuzunguka nayo hadi saa nne, ananiletea hesabu ya Sh5,000. Nilimpigia simu.

"Shangazi, shikamoo. Kuna nini usiku huu?"

"Umewahi kubeba mishikaki, abiria wawili au zaidi kwa mpigo?"

Kimya. Kimya cha mtu anayepima ni kiasi gani mwenzake anakijua.

"Mara moja tu, shangazi. Mama na watoto wake wawili, mvua ilikuwa inanyesha. Nikakamatwa hapo hapo."

"Mara moja au mbili?"

"Wallahi mara moja. Karatasi ninayo."

"Karatasi unayo na hukuniambia?"

"Nilitaka nilipe mwenyewe kwanza."

Karatasi aliileta asubuhi, imekunjwa hadi imekuwa na vitundu kwenye mikunjo. Moja. Kosa moja, saa moja na dakika ishirini jioni. Nikarudi kwenye orodha: la kwanza saa 1:20, la pili saa 1:24. Siku ileile, mahali palepale, maneno yaleyale. Kwa dakika nne hawezi kuwa alikamatwa, akaandikiwa, akaachiwa, akapakia mishikaki mingine mvuani na kurudi kwa askari yuleyule. Kosa limeingia mara mbili, basi. Mtandao ulikwama, mtu akabonyeza tena, kama sisi tunavyotuma hela kwa simu mara mbili pale ujumbe unapochelewa.

(Kuna la saba ambalo halikuandikwa. Pikipiki ya kubebea abiria kwa malipo inatakiwa iwe na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na yangu wakati huo haikuwa nayo. Orodha haikulisema, na mimi nilipokwenda kwa trafiki sikulisema. Tumeshaikata.)

Sasa hili la Kongowe, la taa ya nyuma. Hapa nilikuwa na uhakika kuliko yote. Tarehe ile pikipiki ilikuwa kwa fundi, injini imefunguliwa, na risiti ya vipuri ninayo, yenye tarehe. Nilijisemea hili ndilo nitakaloanza nalo, hili ndilo litakalowafungua macho. Nilimpitia fundi kumwomba aniandikie maelezo kidogo na kuyasaini.

Fundi akaifuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwepo.

"Dada, siku ile jioni nilishaifunga."

"Kwa hiyo?"

"Nikaitoa kidogo kuijaribu."

"Kuijaribu hadi Kongowe?"

"Si unajua injini mpya lazima ipate mwendo."

Nyumba ya mama watoto wake iko Kongowe, hilo mtaa mzima unalijua. Kwa hiyo taa yangu kweli haikuwaka, barabara ilikuwa kweli ya Kongowe, na askari aliandika alichokiona. Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikacheka hadi fundi akaogopa. Kama ningeipeleka ile barua ya usiku, hoja yangu kuu ingekuwa uongo, na ningeitetea kwa machozi ya kweli. Deni linafuata namba ya chombo, halijui nani alikalia kiti. Fundi akajitolea kunilipia, nikampa namba ya malipo aingize mwenyewe mbele yangu, na alilipa.

Yakabaki mawili ya kukataa: la Mbagala lililojirudia na la Mikese.

Ofisini kwa askari wa usalama barabarani nilikwenda Jumatatu, baada ya kuomba ruhusa ya vipindi viwili. Nilisubiri kwenye benchi na madereva wa bajaji na mzee mmoja mwenye lori la mchanga. Aliyenipokea alikuwa sajenti mwanamke, mtu mzima, miwani imeshuka puani. Nilipoanza kueleza akanikatisha bila ukali:

"Mwalimu, lipa kwanza, malalamiko yatafuata."

Hapa ndipo wengi tunapoishia. Elfu kumi na mbili na mia tano si hela ya kupotezea siku nzima. Ukipiga hesabu ya nauli, kopi na vipindi vilivyopotea, unaona nafuu ulipe uende zako. Mzee wa lori aliniambia hivyo hivyo pale kwenye benchi: "Binti, ukweli wako unauzwa elfu kumi na mbili, uuze." Lakini ile karatasi ya faini si bili ya maji. Kwa utaratibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo ni ya mwaka 1973, unaandikiwa kosa na una hiari mbili: unalikubali na kulipa, au hulikubali na unakwenda kujibu mahakamani. Kulipa ni kukubali. Nikilipa la Mikese nimeshasema kwa kidole changu kwamba nilikuwa Mikese. Nitarudi kulalamikia nini?

Nilimwambia hivyo, kwa heshima, nikifungua daftari. Sikuanza na ninayoyakataa. Nilianza na yangu: haya mawili ni yangu, la kofia nimelipa, la taa nalipa leo, hili la mishikaki ni la mtoto wangu na tunalipa, la Kongowe limelipwa na fundi, risiti hii hapa. Sasa afande, naomba uniangalizie haya mawili tu.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akalivuta daftari upande wake.

"Hili jedwali umechora wewe?"

"Mimi."

"Kwa rula?"

"Kwa rula."

La Mbagala lilichukua dakika tano. Alisoma nyakati mbili, 1:20 na 1:24, akaguna. Akanieleza kwamba yeye pale hawezi kufuta kitu; anaandika, linapanda kwa wakubwa, na huko ndiko linakotolewa. Akanitaka niandike barua fupi, niambatanishe nakala ya karatasi ya kijana na nakala ya kadi ya pikipiki. Kopi tatu, Sh100 kila moja, kibandani nje ya geti. Nikaandika mistari sita. Siku tisa baadaye nilipoangalia, lilikuwa halipo tena.

La Mikese lilikuwa na tabu, kwa kuwa liliandikwa mkoa mwingine. Mara ya kwanza nilijibiwa nisubiri. Mara ya pili aliyekuwa mezani si yule sajenti, bali kijana aliyenishauri nisafiri mwenyewe hadi Morogoro, karibu kilomita 190, nikaulize. Nilikuwa na ushahidi mzuri: ilikuwa siku ya kazi, na daftari la mahudhurio la shule linaonyesha nimesaini kuingia na kutoka. Kijana akasema daftari linaonyesha wewe ulikuwa shule, halionyeshi pikipiki ilikuwa wapi. Niliudhika sana kwa sababu alikuwa sahihi. Fundi alikuwa ameshanifundisha somo hilo.

Nikaondoka, nikapanda daladala, na nilipofika Mtoni ndipo nilipoona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu wiki mbili nzima. Mwalimu wa hisabati, jamani. Laki moja! Makosa sita ya pikipiki, kila moja Sh12,500, yanatoa 75,000. Mbona nilidaiwa laki? Nikafungua simu mikono ikitetemeka. Matano yalikuwa kumi na mbili na mia tano kila moja. La Mikese lilikuwa 37,500: elfu thelathini na robo yake.

Elfu thelathini ni faini ya gari.

Yeyote aliyeandika kosa lile pale Mikese alikuwa anatazama gari. Nilishuka Mtoni, nikavuka barabara, nikarudi. Sajenti alikuwa amerejea mezani. Sikukaa hata kwenye kiti. "Afande, pikipiki inalipa ngapi kwa kosa?" Akasema kumi. "Na hili ni ngapi?" Akainama kwenye kioo. Niliona midomo yake ikisoma tarakimu.

"Na ni la tochi," akasema taratibu, yaani la kamera ya kupimia mwendo. "La tochi lina picha."

Picha niliiona juma lililofuata, kwenye kompyuta iliyogeuzwa kidogo upande wangu. Barabara kuu, miti ya pembeni, na katikati gari dogo jeupe, vioo vimefungwa. Mwendo 71 mahali pa 50. Namba ilisomeka vizuri: tarakimu zilezile za pikipiki yangu, herufi zilezile tatu za mwisho, ila mbele ilikuwa T, na yangu ni MC. Hakunieleza ilitokeaje, nami sikudadisi. Akagonga karatasi yangu muhuri, akaiweka kwenye faili.

Limefutwa. Katika laki moja ile, hamsini zilikuwa zetu: la kofia, la taa, la mishikaki na la fundi. Hamsini hazikuwa zetu. Mtoto wa kaka yangu ananikatia kidogo kidogo kwenye hesabu, na amenunua vitambaa vya kuvaa ndani ya elementi, anawagawia abiria akina mama. Nauli, kopi na vocha vilinila kama elfu ishirini na mbili, achilia mbali vipindi vya kidato cha pili ambavyo nililipa kwa Jumamosi mbili. Mzee wa lori angenicheka.

Kabla sijatoka siku ile ya picha niliitazama tena ile gari nyeupe. Sikumwona dereva, kioo kilikuwa kinang'aa. Kuna mtu mahali fulani ambaye kwa miezi amekuwa akisimamishwa, mashine inaingizwa namba yake, na anaambiwa safi, endelea na safari.

"Afande," nikasema, "sasa hili deni litahamia kwake?"

Sajenti alikuwa ameshanyanyua kichwa kuelekea kwenye benchi.

"Anayefuata!"